Bata apande meli, au abaki na kapu lake?

Mswada wa kitabu cha nne ulinifikia ukiwa na maneno mawili ya mhariri pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Kipya kipi?" Vitabu vitatu vya mwanzo vimeshatoka. Ni vya picha, vya watoto wanaoanza kusoma, na wahusika ni wawili tu: Bata asiyependa maji na rafiki yake Kobe. Kila mara Bata huletewa kitu, husema hataki, Kobe husubiri, na mwishowe Bata hubadili nia. Mwandishi alipoulizwa kipya kipi, akalijibu swali kwa namna ambayo wengi wangelijibu. Akampandisha Bata meli.

Kwa wanaoandika mifululizo ya aina hii ugomvi wenyewe si mgeni. Wapo wanaotaka kila kitabu kilete mahali papya, mhusika mpya, ikiwezekana na funzo jipya. Na wapo wanaotaka kitabu kipya kifanane na ndugu zake kiasi kwamba mtu mzima akipitia haraka ataona amekwisha kukisoma. Hawa wa pili huitwa wavivu, au wafanyabiashara wanaouza kitu kimoja kwa majalada manne. Baadhi yao ni hivyo kweli. Lakini hoja yao haijawahi kusikilizwa vizuri, labda kwa sababu wanaoipima ni watu waliokwisha sahau kusoma kwa kidole.

Hebu tuitazame hiyo meli. Kurasa nne za kwanza za mswada zina bandari, nahodha, tiketi, nanga, abiria na mawimbi. Kwa mtu mzima ni safari fupi ya kupendeza. Kwa mtoto anayesoma silabi kwa silabi ni kupanda kilima upya: dh ya nahodha, ng ya nanga, mb ya mawimbi, yote kabla Bata hajasema lolote. Kile alichokichuma katika vitabu vitatu, yaani kuyajua maneno kapu, kofia, hataki na basi mara tu anapoyaona, hakimsaidii tena. Kubadili mahali ndilo wazo linalomjia mwandishi kwa urahisi kuliko yote, na mchoraji hulifurahia, ila gharama yake yote inamwangukia msomaji.

Nilimsomesha mpwa wangu wa miaka sita kitabu cha tatu. Ukurasa wa kwanza akasema "ka... pu", huku kidole kikisubiri sauti impate. Alipofungua ukurasa wa pili akakutana nalo tena. Safari hii kidole hakikusimama. "Kapu," akasema, akainua kichwa kunitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelisema. Furaha hiyo haitoki kwenye neno jipya. Inatoka kwenye neno la jana lililogeuka kuwa jepesi, na mfululizo unaolitupa neno la jana katika kila kitabu unamnyima mtoto furaha hiyo.

Tena tusijifanye wageni wa jambo hili. Fisi wa ngano zetu ni mlafi katika kila hadithi, na sungura ni mjanja katika kila hadithi. Sijamsikia mtoto akimkatiza msimulizi kuuliza kwa nini fisi hajapata tabia mpya.

Wanaotaka upya wana hoja moja ambayo siwezi kuipita hivi hivi. Wanasema kufanana kunazaa kukariri, na kukariri kunavaa nguo za kusoma. Ni kweli, maana mpwa wangu yuleyule, siku ya nne, alikuwa "anasoma" ukurasa kabla sijaufungua. Nikaifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha sentensi moja ya katikati, akanyamaza. Alikuwa amekijua kitabu, hakuwa ameyajua maneno yake yote. Mwalimu anayeogopa vitabu vinavyorudia mambo ameona mandhari hii mara nyingi kuliko mimi, na ana haki ya kuogopa.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kubadilisha kidogo sana mahali panapouma. Katika kitabu cha nne, asiyetaka awe Kobe. Mtoto aliyekariri atafungua mdomo kusema "Bata hataki", atafika "Ba..." kisha ataiona K. Hapo hana njia ila kurudi kwenye herufi. Neno moja tu limehama na amelazimika kusoma sentensi nzima. Mchoraji naye asaidie kwa kutosema kila kitu: maandishi yaulize kapu lina nini, picha ionyeshe kapu limefungwa, jibu likae nyuma ya ukurasa. Picha inayotamka kila neno lililo chini yake ndiyo inayomfundisha mtoto kubahatisha.

Na hapa kuna takwimu ambayo hainiachi nilale. Mwaka 1957 Dr. Seuss, mwandishi Mmarekani wa vitabu vya watoto, alitoa The Cat in the Hat, kitabu chenye maneno tofauti 236. Mchapishaji wake, Bennett Cerf, akaweka naye dau kwamba hawezi kuandika kitabu kwa maneno 50 tu. Green Eggs and Ham kikatoka mwaka 1960 kwa maneno 50 kamili, na 49 kati ya hayo yana silabi moja. Habari hii hupenda kusimuliwa, kisha msimulizi hugeuka na kutushauri: nanyi tumieni maneno machache mafupi.

Kwa Kiswahili haihesabiki hivyo. Maneno yetu ya silabi moja ni na, ya, wa, ni, si, tu, je na wenzao wachache. Hadithi haijengwi kwa hayo. Halafu neno lenyewe ni lipi? Chukua sitaki, hataki, hatutaki, hakutaka. Kamusi inaona kitenzi kimoja. Mtoto anaona maneno manne, lakini manne yenye uso wa ukoo mmoja. Aliyezoea hataki hulifungua hatutaki kwa kuongeza silabi moja: "tu". Kiingereza cha Seuss hakina nafasi hiyo. Sisi tunayo, na sijui kwa nini tunaendelea kuhesabu maneno badala ya kuhesabu viambishi.

Maana yake ni kwamba mfululizo wa Kiswahili unaweza kukua bila hadithi kuhama nyumbani. Kitabu cha kwanza kiseme hataki. Cha pili Bata ajisemee mwenyewe: sitaki. Cha tatu wote wawili wakatae: hatutaki. Cha nne Kobe akumbuke jambo la jana, hakutaka, na mtoto agundue kwamba hata mwisho wa neno umegeuka, ki imekuwa ka. Kipya kipo, tena kikubwa. Kimejificha tu mahali ambapo kalamu nyekundu haikuangalia.

Wanaotaka upya husema pia kwamba mtoto hukua na mfululizo usiokua humwacha. Hilo silipingi, ila silioni kama hasara. Wa miaka minane ataenda kwenye vitabu vinene; wa miaka sita mwingine atakuwa amefika. Arnold Lobel, mwandishi mwingine Mmarekani wa vitabu vya watoto, aliwaandikia wahusika wake wawili marafiki, vyura Frog na Toad, vitabu vinne kati ya 1970 na 1979, akaishia hapo. Mmarekani mwenzake, Mo Willems, aliandika 25 vya Elephant & Piggie, tembo na nguruwe, kati ya 2007 na 2016, wahusika walewale wawili, na nyuma yao karibu patupu, hakuna hata mti. Idadi haikuwa ndiyo kanuni. Kilichowabeba wote wawili ni kwamba urafiki wa watu wawili una matatizo madogo mengi kuliko bandari zote.

Ndiyo maana mawazo ya kuendeleza mfululizo ninayatafuta ndani ya vitabu vilivyokwisha kutoka. Katika cha pili kuna konokono kwenye kona ya ukurasa wa 11 ambaye hakutajwa popote. Katika cha tatu kapu lilifika bila kuelezwa limetoka kwa nani. Mtoto huviona hivi kabla yetu. Mpwa wangu alimuulizia huyo konokono mara mbili.

Mswada nimeurudisha. Nimependekeza meli itolewe, nahodha pamoja nayo, na konokono apewe kapu. Pembeni, chini ya "Kipya kipi?", nimeandika "tu", na mshale unaoelekea hatutaki. Mhariri amenipigia simu kuuliza kama ni kosa la chapa.