Korongo wanapandiwa mahindi, na mimi sioni ubaya

Bwana aliyesimama kando yangu kwenye jukwaa la mbao alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wangu, na alikuwa amekasirika. Alikuwa amegundua kwamba kuna mahindi ndani ya hifadhi yanayopandwa kwa ajili ya ndege, na kwamba maji tuliyokuwa tunayakodolea macho gizani yalikuwa yameletwa pale kwa mfereji na mlango wa chuma. "Kumbe hapa ni bustani ya wanyama tu," akasema. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa Novemba, baridi imenikaza taya, na mimi si mtu wa kubishana kabla jua halijatoka. Nilinyamaza. Jibu langu ni hili.

Tulikuwa Bosque del Apache, hifadhi ya taifa ya wanyamapori katika jimbo la New Mexico, Marekani, iliyolala kando ya mto Rio Grande. Ilianzishwa mwaka 1939. Kila mwaka kuanzia mwisho wa Oktoba hufika hapo korongo wa Sandhill kwa maelfu, wengi wakitokea Idaho, Wyoming na Montana. Njiani hupumzika kwenye bonde la San Luis kule Colorado, kisha hushuka kusini na kukaa hadi Februari. Jina lao limetokana na vilima vya mchanga vya Nebraska, ambavyo kando yake wenzao wengine hukusanyika kabla ya kiangazi. Na hilo neno letu "korongo" tumelitwisha mzigo mzito, maana karibu kila ndege mwenye miguu ya kijiti na shingo ndefu tunamwita hivyo. Huyu ninayemsema akiruka hunyoosha shingo kama mkuki. Ukimwona aliyeikunja shingo mabegani, huyo si yeye.

Watu wengi huja kwa ajili ya alfajiri, na picha wanazorudi nazo ni zile za mbingu iliyojaa mbawa. Nadhani nusu yao hawajui kwamba wanaolipuka hivyo kwa mkupuo mmoja ni bata bukini weupe. Korongo hana papara. Amesimama majini, rangi ya kijivu, kipaji chekundu kisicho na manyoya, kimo chake kinapita mita moja. Kama usiku ulikuwa wa baridi kali, kuna barafu nyembamba imemzunguka miguuni; atainua mguu, ataukanyagia barafu, itavunjika, atateleza kidogo, kisha atasimama tena kama hakuna kilichotokea, sawa na mtu mzima aliyejikwaa sokoni. Halafu mmoja anainama mbele, shingo imenyooka kuelekea upande wa upepo. Hiyo ndiyo ishara. Wa karibu naye wanainama vilevile. Wanaweza kukaa hivyo kitambo, wakikuchosha, kabla ya kukimbia hatua chache juu ya maji na kuinuka. Wanaondoka wawili, watatu, watano. Ukiona watatu na mmoja sauti yake ni nyembamba ya kitoto, hao ni baba, mama na mtoto wa mwaka huo. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili, lakini mara nyingi ni kifaranga mmoja tu anayefika vuli, na wazazi hutembea naye majira yote ya baridi.

Sauti ya wakubwa sitajaribu kuiandika. Itoshe kusema kwamba bomba lao la hewa ni refu kupita kiasi, limejikunja ndani ya mfupa wa kidari kama tarumbeta, na mlio unaotoka humo unasikika kilomita kadhaa. Mara nyingi unawasikia kabla hujawaona, na ukiwatafuta unatazama mahali siko.

Sasa, yale maji. Kidole cha nyuma cha korongo huyu ni kifupi na kimekaa juu mno. Hawezi kushika tawi. Mtini halali. Akilala nchi kavu, koyoti, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, atamfuata. Kwa hiyo hulala amesimama kwenye maji ya kina kifupi, yanayomfika chini ya goti, ili adui akikaribia, asikike akipiga maji. Maji yakizidi kina hayafai, na yakikauka ni hatari. Ndege mwenye kimo cha mtoto wa shule na mabawa yanayokaribia mita mbili, maisha yake usiku yanategemea tofauti ya sentimita chache.

Zamani kazi hiyo iliifanya Rio Grande yenyewe. Theluji ya milimani ikiyeyuka, mto ulifurika, ukahama njia, ukaacha vidimbwi na matope kila upande. Ndipo yakaja mabwawa, matuta na mifereji ya kumwagilia mashamba, na mto ukafungwa kama ng'ombe kwenye kamba. Mwaka 1941 korongo waliohesabiwa katika hifadhi hii walikuwa 17. Kumi na saba! Hao maelfu waliomfanya yule bwana abebe kamera ya bei mbaya hawakujileta wenyewe tu. Kuna watu wanaokausha madimbwi kwa zamu ili majani yenye mbegu yaote, kisha vuli ikikaribia wanafungua milango na kuyajaza tena, moja baada ya jingine. Wanauigiza mto uliokwisha kunyang'anywa mafuriko yake. Anayetaka pawe "pa asili" kwa maana ya kuacha kila kitu kama kilivyo aelewe kwamba kilivyo sasa ni mto mwembamba kati ya matuta mawili. Korongo hatapata pa kulala.

Na mahindi je? Ndiyo, yanapandwa. Hayamwagwi chini kama chakula cha kuku. Yanaachwa yamesimama yakauke, kisha yanaangushwa kwa trekta kidogo kidogo kadiri baridi inavyosonga, ili yasiishe Desemba. Faida yake ni mbili. Ndege anapata nguvu ya kuvumilia usiku wa barafu, na mkulima wa jirani anaachwa na mazao yake. Lakini korongo hashibi mahindi peke yake. Utamwona akichimba matope kwa mdomo akitafuta mizizi, wadudu, konokono, hata panya akizubaa. Bustani ya wanyama ina ukuta. Hapa, siku yoyote hewa ya joto ikiinuka kutoka ardhini, korongo anaweza kuizunguka akipanda mpaka awe nukta, na asirudi. Hakuna wa kumzuia.

Mahali ambapo mkono wa mtu ulipitiliza napajua, na panahusu hifadhi hii hii. Kuna korongo mwingine wa Amerika ya Kaskazini, mweupe, mkubwa zaidi, ambaye kufikia 1941 walibaki ishirini na kidogo tu duniani. Mwaka 1975 wataalamu walianza kuchukua mayai yake na kuyaweka kwenye viota vya korongo wa Sandhill huko Grays Lake, Idaho. Wazo lilikuwa zuri: walezi watawaatamia, watawalea, watawaonyesha njia ya kuja Bosque. Na kweli, vifaranga weupe walikua, wakasafiri, wakafika New Mexico wakifuatana na walezi wao wa kijivu. Walijifunza njia yote. Kisha wakabalehe, na wakawa hawatazamani. Kwa macho yao, mwenza wa kweli alikuwa wa kijivu. Mpango ukasimamishwa baada ya miaka kadhaa bila jozi moja ya weupe kuzaa, na kundi lile likafa mmoja mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Sidhani kama methali hiyo imewahi kuthibitishwa kwa gharama kubwa kuliko hapo.

Kwangu mimi tofauti iko hapo. Kumpa ndege maji na shamba ni kumwandalia mahali, akaendelea na ukorongo wake. Kumchagulia wazazi ni jambo jingine kabisa. Yule bwana angelalamikia la pili ningeweza hata kumsogezea chai.

Nakubaliana naye kwa kiasi fulani kwenye jambo ambalo hakulitaja. Ndege wengi wakisongamana kwenye madimbwi machache, ugonjwa ukiingia huenea haraka. Na maji hayo ya mfereji wanayagombea wakulima na miji, katika nchi kame inayozidi kukauka. Jambo hilo linanisumbua kuliko mahindi.

Yeye aliondoka saa mbili asubuhi, bata bukini walipokwisha kuruka. Nilibaki. Mchana nilipita barabara ya vumbi inayozunguka mashamba, nikakuta trekta inaangusha mistari minne au mitano ya mahindi. Korongo walikuwa wamesimama mbali kidogo, shingo juu, wala hawakushtuka. Dereva alimaliza, akageuza, akaenda zake. Walisubiri mpaka vumbi likatua. Kisha wakaja kwa miguu, taratibu, mtoto katikati.