Mjomba, kuongea kunasomewa

Juzi mdogo wangu wa mwisho, amemaliza form six na anatafuta kozi ya kuomba chuo, alisema mbele ya watu pale nyumbani Kimara kwamba anataka kusomea mawasiliano lakini sio utangazaji, yeye anataka upande wa kuongea wenyewe, hotuba, mijadala, namna watu wanavyosikilizana na wanavyoshindwa kusikilizana. Mjomba akaweka kikombe cha chai chini akamuuliza, "Kwani mwanangu, kuongea hujui?" Watu wakacheka, mtoto akanyamaza. Iliniuma kwasababu miaka tisa iliyopita mjomba huyuhuyu aliniuliza mimi swali hilohilo na sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Mjomba shikamoo. Kuongea tunajua wote, ni kweli, na kupika wali tunajua wote, ila siku ya harusi ya mwanao ukitaka pilau la watu 300 humwambii jirani yeyote tu aje ashike mwiko, unamtafuta mtu ambaye kazi yake ni hiyo, anajua mchele kiasi gani, moto kiasi gani, na chakula kikianza kuungua chini anafanyaje. Kusimama mbele ya watu 300 ukawaambia kitu wakakielewa na wakaondoka nacho ni kazi ya aina hiyo.

Kuna mkutano wa mtaa siwezi kuusahau. Asubuhi watu wameamka wamekuta nyumba zao zimepigwa X nyekundu ukutani, na kila mtu wa Dar anajua X ukutani inakufanya ujisikieje. Jioni tukaitwa, akaja injinia kueleza mradi wa mtaro. Injinia mzuri tu, kijana, ana michoro yake, akaongea kama dakika 40 kuhusu mwelekeo wa maji, ujazo, kalvati, hatua ya kwanza, hatua ya pili, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na muda wote huo kuna mama mmoja mbele yangu amekaa na mtoto mgongoni anarudia kwa sauti ya chini, "X je? X je?" Hakuna aliyemsikia. Watu wakaanza kupiga kelele, mkutano ukaelekea kuvunjika. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa watu, akasimama akasema ile X bado sio ya kubomoa, ni alama ya kupima, atakayeguswa atafuatwa nyumbani kwake kabla ya kitu chochote. Maneno kama ishirini hivi, watu wakakaa, na ndio wakaanza kumsikiliza injinia.

Sasa mtu ataniambia si umeona, mzee hajasoma chuo na kaweza. Kweli kaweza, lakini ana miaka thelathini ya kusuluhisha ugomvi wa mipaka na misiba na wapangaji. Injinia ana miaka 26, kesho kutwa ana mkutano mwingine mtaa mwingine, hawezi kusubiri miaka thelathini. Alichofanya mzee kinaweza kuchambuliwa, kikaelezwa, mtu akakifanyia mazoezi mpaka akakiweza, na hiyo ndio digrii ninayoizungumzia. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, alishayasema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba unaposimama kuongea kuna mambo matatu yanafanya kazi, wewe ni nani na unaaminika vipi, wanaokusikiliza wako kwenye hali gani moyoni, na hoja yenyewe imesimama wapi. Injinia alikuja na hilo la tatu peke yake.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa kuumia. Mwaka wa pili, somo la kuongea mbele ya hadhara, nikapewa dakika tano, nikachagua kuelezea kwanini mama ntilie wapewe maeneo ya kudumu. Nilijiandaa wiki nzima, slaidi zangu safi, Kiingereza nimekinyoosha. Nilipomaliza lekchara akasema msipige makofi, kila mtu achukue karatasi aandike huyu alitaka mfanye nini. Akanipa karatasi zote bila kuzisoma, zilikuwa 31. Nikazisoma kwenye daladala narudi nyumbani. Nne tu ndio zilikuwa na kitu kinachokaribia nilichosema, zilizobaki zimeandika mambo ya kukisia, na moja imeandikwa "English yake iko vizuri" basi. Niliishika hiyo karatasi mpaka kituo changu kikanipita.

Wiki iliyofuata lekchara akanituma Mwenge nikakae na mama ntilie watatu, nisihubiri, nisikilize tu, kisha nirudie mada ileile, na safari hii akaniruhusu Kiswahili. Nikaanza na yule mama aliyeniambia anaamka saa tisa usiku na akifika hajui kama meza yake ataikuta. Karatasi 26 zikaandika nilichotaka.

Kwahiyo mtu akiniuliza ile kozi inafundisha nini, namwambia inafundisha kuanza na msikilizaji kabla hujaanza maneno yako. Sisi tunadhani kuongea vizuri ni Kiingereza kizuri, na kuna watoto wamekaa kimya kuanzia form one mpaka chuo wanaamini hawana cha kusema, kumbe wanachokosa ni ile lugha tu.

Na hapa kwetu huikuti mara nyingi ikiwa imesimama peke yake, imebanwa ndani ya mass com, yaani mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma. Ukiangalia tulikotoka unaelewa, shule ya mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ilianza 1975 kama chuo cha uandishi wa habari ndio baadae 2003 ikaingia chuo kikuu, yaani mzizi wetu ni chumba cha habari. Marekani nao walianzia mbali, walimu wa kuongea walikuwa chini ya walimu wa Kiingereza, kuongea kunaonekana kipande kidogo cha uandishi, mpaka 1914 kule Chicago walimu 17 wakajitoa wakaanzisha chama chao. Kumi na saba tu! Sisi tunasubiri nini, wakati malighafi tumekalia? Chukua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya 1978, Amin ameshaingia Kagera, nchi ina hofu, na yeye anaegemea kwenye vitu vitatu, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Ni maswali matatu ambayo kila mzazi mwenye kijana wa kwenda vitani alikuwa anajiuliza, na hotuba hiyo wanaikumbuka hata watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Hiyo peke yake inatosha muhula mzima. Alafu 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, wakati mawakili wamenolewa kwa Kiingereza, sasa nani anawafundisha kujenga hoja kwa Kiswahili?

Sitamdanganya mdogo wangu kuhusu ajira. Tangazo la kazi lenye jina la kozi hiyo halionekani kirahisi, itabidi aibebe pamoja na kitu kingine, afya, sheria, kilimo, chochote. Mimi niko mradi wa maji, kabla fundi hajachimba ndio naenda kukaa na watu, na sijawahi kukosa cha kufanya.

Jioni ile tulimsindikiza mjomba kituoni, anarudi Manzese. Anauza mafriji ya mtumba Kariakoo. Mdogo wangu akamuuliza, "Mjomba, yule mama wa jana ulimuuziaje friji na alikuja anataka feni?" Mjomba akatabasamu, akashusha mfuko wake chini, akasema kwanza mteja usimtajie bei, muulize nyumbani mko wangapi, muache aongee yeye. Basi la Gerezani likapita, likapita na la Kivukoni, yeye bado anaeleza.