Vidonge vya zinki kando ya kanyanga

Jumapili nilipita kwa baba yangu mdogo kule Kadutu, hapa Bukavu, nikamkuta na kikopo cha vidonge, amenunua kwa mtu anapitaka na sanduku pale Nyawera, dola 15 bana, juu wameandika zinki na seleniumu, na muuzaji amemwambia vinakinga kansa ya kinywa. Kikopo kiko mezani, kando yake kachupa ka kanyanga, ile pombe kali, na kale kapaketi ka tumbaku ya unga anawekaka ndani ya mdomo wa chini toka mimi niko mtoto. Nikacheka, mzee akakasirika.

Sisemi madini si kitu. Zinki inasaidia ngozi ya ndani ya kinywa kujijenga upya, na ile ngozi inabadilika haraka sana. Chuma kikipungua mwilini muda mrefu, ulimi unakuwa laini bila vile vinundu vyake, unawasha, kumeza ni shida, na watu wa namna hiyo wanapataka zaidi kansa ya koo. Tena ni kweli wakipima damu ya wenye kansa ya kinywa mara nyingi wanakuta zinki na seleniumu viko chini, shaba iko juu. Hapo njo wauzaji wanashikilia. Lakini jiulize hiyo damu ilipimwa lini? Mtu ashaugua, kutafuna kunamuuma, miezi anakunywa uji tu, zinki ikishuka utashangaa nini?

Wamarekani walijaribu seleniumu kuanzia 2001, wanaume zaidi ya 35,000, mikrogramu 200 kila siku (walitafuta kinga ya kansa ya prostati, tezi ya wanaume, si ya kinywa), na 2008 wakasimamisha vidonge ju havikusaidia. Na hapa kwetu Congo, kule Karawa, Ubangi, watu walikuwa wamepungukiwa seleniumu na ayodini kwa pamoja, wakapewa seleniumu peke yake, na wale ambao tezi la shingo lilikuwa tayari limechoka homoni zao zikashuka zaidi. Hiyo ilitangazwa 1991. Kwa hiyo mtu akiniuzia madini ndani ya sanduku bila kunipima kitu, mimi napita.

Zinki ukiitaka, nunua sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, unakula na kichwa na mifupa yake. Maharagwe uyaloweke usiku, maji uyamwage, ju yana kitu kinachofungaka zinki tumboni. Bugali ya muhogo peke yake haina zinki ya maana, hata ujaze sahani namna gani.

Ila kwa baba mdogo shida haiko kwenye sahani. Tumbaku inaleta kansa ya kinywa, pombe pia inaleta, na vikikutana hatari inapanda kupita ukijumlisha tu moja na moja. Kidonge kwake kimekuwa ruhusa, amemeza asubuhi basi jioni anakunywa roho safi.

Nikamwomba afungue mdomo, nikawasha tochi ya simu. Pale tumbaku inakaaka, kati ya ufizi na mdomo, kuna alama nyeupe yenye mikunjo, nikafuta na kitambaa haikutoka. Hata haimuumi. Alinyamaza, akasukuma kale kapaketi mbali kidogo, si mbali sana.

Alhamisi tunaenda kwa daktari wa meno. Vidonge anataka kurudisha, lakini yule wa sanduku hajaonekana tena Nyawera.