Jerikani Tano za Bure

Afisa wa ununuzi wa kampuni kubwa hapa Kisumu hakuulizi bei kwanza. Anauliza, "Mnamuuzia nani mwingine?" Sisi tulikuwa tunawauzia sabuni ya maji akina mama wa vibanda vya samaki Nyalenda, na jibu hilo halijawahi kumfanya afisa yeyote avute kiti mbele. Ndipo shemeji yangu, ambaye ni mkurugenzi, fundi mkuu na mwenye boda boda ya kampuni, alipoamua tutafute jina. Tutoe sabuni ya maji bure kwa hoteli moja yenye nyota upande wa Milimani, tupewe barua ya sifa yenye letahedi, halafu barua hiyo itufungulie milango ya mji.

Sabuni yenyewe haikuwa na kasoro. Lita 20 zinataka kilo moja ya ungerol, ile malighafi inayotoa povu, chumvi nusu kilo, rangi, manukato na maji. Unakoroga ungerol na chumvi kwa mwiko, kuelekea upande mmoja, mpaka iwe nyeupe na nzito. Kisha unaongeza maji kidogo kidogo na kuiacha ilale usiku kucha povu lishuke. Chumvi ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji, na dawa yake ni kuongeza ungerol, yaani kuongeza hasara. Shemeji hupima chumvi kwa mizani na haruhusu mtu aiguse.

Upande wa karatasi pia alijipanga. Unapotoa kitu bure kwa kampuni, ankara huandikwa vilevile: jerikani tano kwa Sh1,500, jumla Sh7,500, punguzo Sh7,500, salio sufuri. Usipoonyesha bei, mwezi ujao ukitaja Sh1,500 wataona umepandisha kutoka sufuri. Hati ya kukabidhi mzigo iwe na nakala tatu, nambari ya bechi, matumizi ya sabuni na sahihi ya aliyepokea. Barua ya sifa mnakubaliana kabla hamjashusha kitu: nani ataiandika, na baada ya muda gani. Ukishashusha, wewe ndiye mwenye shida. Na kusema kweli lita tano za majaribio zingetosha kabisa, lakini shemeji alisema hoteli ya nyota haipelekewi kibuyu.

Msimamizi wa stoo aliitazama bahasha yetu ya kaki, yenye ankara na hati, akaturudishia.

"Ndugu zangu, cha bure nakiandikia nini? Hakina LPO, hati ya kuagiza. Hata kompyuta itakikataa."

Akatuonyesha kona. Jerikani tano zikapangwa, lebo zikaelekea ukutani. Kwenye lebo, kwa herufi kubwa nyekundu: KWA KUOSHA KWA MIKONO TU.

Maandishi hayo yana sababu yake. Ungerol kazi yake ni povu. Mama wa kibanda asipoona povu anasema umemuuzia maji. Mashine ya kuoshea vyombo, kwa upande wake, haipatani na povu hata kidogo. Pampu yake hurusha maji ya moto kwa nguvu, na dawa yake maalum hutengenezwa isitoe povu. Ukiweka sabuni ya mikono humo, pampu inapiga maji na hewa pamoja, povu linajaa, pampu inaanza kuvuta povu badala ya maji, na sahani zinatoka na mchuzi wake. Mtu asiyejua akiona sahani hazijatakata anaongeza sabuni.

Watu wa jikoni wakaongeza. Dawa ya mashine ilikuwa imeisha, ukumbini kulikuwa na semina, na kule kona kulikuwa na lita mia moja zisizo na mwenyewe.

Tulipigiwa simu saa saba mchana. Tulipofika, povu la kijani lenye harufu ya limau lilikuwa limepita chini ya mlango wa jikoni likaingia mahali pa kulia. Mhudumu mmoja, amevaa tai, alikuwa akilivuka limefika magotini, trei juu ya kichwa, na ngege mzima juu ya trei akionekana kama anayerudishwa ziwani. Wageni wa semina walikuwa wamesimama juu ya viti wakipiga picha. Kijana wa usafi, kwa nia njema kabisa, akafungulia povu mpira wa maji. Likapanda likafika kwenye meza ya matunda.

Shemeji akaita chumvi. Chumvi ndiyo hiyohiyo tunayoifanyia sabuni iwe nzito, na kilo mbili za hoteli ziliyeyuka sakafuni bila povu kushtuka. Aliyetuokoa ni mama wa dobi. Alikuja na kikombe cha dawa ya kulainishia nguo, akaichanganya na maji kwenye ndoo, akanyunyiza. Dawa hiyo ina chaji iliyo kinyume na ya ungerol. Zikikutana zinashikana, na povu linalala. Baada ya hapo ni kuzima mashine, kumwaga maji yote ya tangi, kusukuma uchafu kwa mpira wa sakafu, na kuizungusha mashine na maji matupu tena na tena mpaka izunguke bila kapovu.

Meneja alitaka kutudai chakula cha semina. Mhasibu akafungua kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. "Hakuna mahali tumepokea kitu kutoka kwa hawa." Kwa kuwa hakuna sahihi, povu halikuwa letu. Shemeji, ambaye aibu haijawahi kumsumbua, akauliza kama basi anaweza kupata ile barua. Akaambiwa hoteli haiwezi kuandikia sifa bidhaa ambayo haijawahi kuingia.

Picha zikaingia WhatsApp kabla hatujafika getini. Wiki hiyo akapiga simu mwenye kuosha magari kule ufuoni. Hakuuliza alama ya ubora ya KEBS wala tunamuuzia nani mwingine. Aliuliza, "Ni ile ya hoteli?" akatuma M-Pesa ya jerikani nane, bei kamili. Shemeji akamwomba barua yenye letahedi. Hana letahedi, hana muhuri, hana hata meza, akarekodi sauti, pampu ikinguruma nyuma: "Jamani hii sabuni ina povu, omera, ina povu mpaka unaogopa." Shemeji sasa huwachezea maafisa wa ununuzi sauti hiyo, na wawili wameomba waichezewe tena.