Mtazame Asiye na Mpira

Mabishano ya mashabiki wa kandanda ya Australia, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaopigwa teke, kudakwa na kupasiwa kwa ngumi, huanzia kwenye namba. Huyu kagusa mpira mara 32, yule mara 14, basi huyu ndiye bora. Upande wa pili hujibu kwamba takwimu hazichezi, tutumie macho. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: wote wanaufuata mpira.

Piga hesabu ndogo. Chukua kiungo aliyemaliza mechi na mipira 30, yaani mateke na pasi za ngumi kwa jumla. Mpe sekunde 3 kwa kila mpira: inakuja dakika moja na nusu. Mechi ina robo nne za dakika 20, na saa husimamishwa mpira ukitoka nje, kwa hiyo hizo dakika 80 ni mchezo mtupu. Dakika zaidi ya 78 hazimo kwenye jedwali la takwimu. Katika uwanja wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, hakuna kuotea, ni humo ndani ya dakika 78 inapoamuliwa nani yuko huru na nani amebanwa.

Halafu tazama kinachohesabiwa kuwa teke zuri. Kampuni ya Champion Data, inayoandaa takwimu rasmi za AFL, ligi kuu ya mchezo huu, huhesabu teke la chini ya mita 40 kuwa sahihi iwapo mwenzako aliyekusudiwa ataupata mpira. Teke la zaidi ya mita 40 ni sahihi hata likifika kwenye kundi la watu wanaogombea nusu kwa nusu. Sasa beki anayempigia mwenzake mita 20 pembeni, hakuna mpinzani karibu, anapata alama ile ile na kiungo aliyepenyeza mpira katikati ya mabeki watatu. Na lile teke la juu linaloning'inia hewani mpaka mpokeaji anaudaka huku mpinzani keshamfikia mbavuni? Nalo ni sahihi. Asilimia 85 za mateke sahihi ya mchezaji hazikwambii ni mateke ya aina gani aliyathubutu.

Mita zilizosogezwa, yaani umbali ambao mchezaji ameusogeza mpira kuelekea goli la adui, nazo zina mtego wao, maana teke la kubahatisha la mita 50 humsogezea mpigaji hesabu hata likidakwa na adui. Kwenye AFL Fantasy, mchezo wa mashabiki kujiundia timu za kubuni na kupata pointi kutokana na takwimu za wachezaji, teke ni pointi 3, kudaka 3, pasi ya ngumi 2, kumkamata mwenye mpira 4, goli 6. Mabeki wawili wakipigiana mpira kwenda na kurudi, kila mmoja anajichumia pointi 6 bila timu kusogea hatua. Beki anayeupangua mpira kwa ngumi mdomoni mwa goli hapati kitu.

Kwa hiyo tutumie macho tu? Macho yapi? Kamera ya televisheni nayo inafuata mpira. Hata waamuzi, wanaopiga kura ya medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kwa kuwapa wachezaji watatu kura 3, 2 na 1 kila mechi, wanakimbia na mpira siku nzima, na ndiyo maana medali hiyo imekuwa kama mali ya viungo. Mwaka 2018 ilikwenda kwa Tom Mitchell wa Hawthorn, aliyefungua msimu ule kwa kugusa mpira mara 54 dhidi ya Collingwood, rekodi ya ligi. Alistahili heshima yake. Lakini katika miaka yote hii beki wa kati hupata kura kwa nadra mno, na si kwamba mabeki wa kati hawashindi mechi.

Fainali ya mwaka huo huo inaonyesha vizuri. Zimebaki dakika chache tu pale uwanja wa Melbourne Cricket Ground, Collingwood wanaongoza. Jeremy McGovern anaudaka mpira kwenye ngome ya West Coast, anampigia Nathan Vardy, Vardy anampigia Liam Ryan, Ryan anampigia Dom Sheed pembeni kabisa. Sheed anafunga kutoka kwenye pembe mbaya, West Coast wanachukua ubingwa 79 kwa 74. Majina manne hayo yako kwenye jedwali. Sasa rudisha picha nyuma, umtazame Willie Rioli. Mpira ukiwa bado hewani, anakatiza njia ya Brayden Maynard, beki aliyekuwa anakuja kuupangua. Mpaka leo watu wanabishana kama ile ilikuwa faulo. Ninachosema mimi ni kwamba Maynard angefika, huenda Sheed asingedaka. Matendo kama hayo yana safu yake moja, iliyochanganya kukinga, kupangua na kuzuia teke kwa mikono kapu moja, kana kwamba yana uzito sawa.

Mchezaji ninayependa kuwafundishia watu kutazama ni Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kuingia kikosi bora cha ligi mwaka 2021. Sifa yake ni kunasa mateke ya adui. Usimtazame anapodaka, mtazame sekunde 3 kabla. Mpira uko mbali, yeye ameshaanza kumwacha fowadi wake na kusogelea mahali anapohisi utaangukia. Akisoma vizuri, jedwali linampa mnaso mmoja. Beki wa aina hii akisoma vibaya, fowadi aliyeachwa anafunga akiwa peke yake, na hakuna safu inayomwandikia beki deni hilo. Ndiyo maana minaso 8 ya beki mmoja inaweza kuwa hazina, na minaso 8 ya mwingine ikawa kamari.

Namba nina matumizi nazo, tena makubwa. Msimu wa kawaida una mechi 23 kwa kila timu, hakuna jicho linaloweza kuzikumbuka zote. Jicho hukumbuka kudaka kwa kuruka begani kwa mtu, likasahau fowadi aliyefunga magoli 3 na kupoteza 5 kwa pointi moja moja (goli ni pointi 6, mpira unaopita kando kidogo kati ya nguzo za pembeni ni 1): pointi 23 kwa mateke 8. Mwenzake wa magoli 4 safi ana 24 kwa mateke manne. Na kabla ya kulinganisha jumla, angalia asilimia ya muda mchezaji aliokuwa uwanjani.

Ukienda uwanjani, kaa juu, nyuma ya magoli. Chagua mchezaji mmoja kwa robo moja, usimwache hata mpira ukiwa upande wa pili. Karatasi yako iwe na mambo matatu: hatua zake tatu za kwanza timu inapopoteza mpira zinaelekea wapi, mara ngapi anakimbia kuomba mpira, na mateke yake yanamfikia mwenzake akiwa mbioni au yanamsimamisha. Takwimu za robo zifungue baada ya king'ora, si kabla, la sivyo utaona ulichoambiwa. Ukikuta fowadi amekimbia mara 9 akaletewa mpira mara 1, mateke yaliyokosekana ni ya viungo walio nyuma yake. Hao watazame robo inayofuata.