Boksi la eya klina la kiwandani linaonewa

Boksi la eya klina lililokuja na gari, lile la plastiki linaloshika filta ya hewa ya injini, linasemwa vibaya kuliko linavyostahili. Watu wanaling'oa, wanafunga bomba la alumini lenye filta ya koni, gari linaanza kunguruma, nao wanaamini pawa imeongezeka. Kwa gari la kawaida ambalo injini yake haijaguswa, naona kilichonunuliwa hapo ni sauti tu.

Hoja ya wauzaji, kwamba bomba lao huleta hewa baridi na hivyo pawa, ina ukweli ndani yake. Hewa ikipoa kwa nyuzi 3 hivi za selsiasi, uzito wake katika ujazo uleule hupanda kwa karibu asilimia 1, na hewa nzito huiwezesha injini kuchoma mafuta mengi zaidi. Lakini kiwandani walilijua hilo zamani. Fungua boneti ufuate bomba: kwenye magari mengi ya sasa mdomo wake uko nyuma ya grili au ndani ya fenda, unavuta hewa ya nje, na boksi la plastiki linaikinga filta na joto la injini. Ukilitoa boksi hilo ukaacha koni wazi jirani na ekzosi, injini inavuta hewa ya moto, hasa kwenye foleni. Kwa sababu hiyo siviamini vipimo vya pawa vinavyofanywa boneti ikiwa wazi na feni kubwa inapuliza mbele. Nani anaendesha hivyo?

Vile vichemba vya bombani vinavyoonekana havina kazi huwekwa kumeza kelele. Vikiondoka, mngurumo unatoka. Anayeupenda aununue akijua ni mngurumo.

Habari kwamba mabomba haya hupunguza ulaji wa mafuta siikubali kabisa. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya kisasa ya petroli yenye filta zilizoziba, ikakuta ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uwezo wa kuchomoka. Katika mwendo wa kawaida, kinachobana hewa ni kile kilango kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, wala si filta.

Kuna na sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Kompyuta ya gari huhesabu hewa ikitegemea kipenyo cha bomba la asili. Kikibadilika, hesabu inapotoka, na marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta yakipita kiasi taa ya injini inawaka. Filta za pamba zinazopakwa mafuta nazo, ukizidisha mafuta baada ya kuziosha, huchafua waya wa sensa hiyo.

Linaloniuma zaidi ni maji. Baadhi ya mabomba haya huishusha filta hadi nyuma ya bampa, karibu na ardhi. Ukiingia kwenye dimbwi lenye kina, injini inafyonza maji, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda, inakwama, konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Injini nzima inapotea kwa kutafuta pawa ambayo dereva asingeihisi.

Injini ya tabo (yenye feni inayoisukumia hewa kwa nguvu) iliyoongezwa presha na kupangwa upya kompyuta ni jambo jingine. Inameza hewa nyingi mno, bomba la asili linaweza kuibana kweli, na hapo ningebadilisha bila kusita, mradi filta iwe ndani ya boksi lililofungwa.

Kwa wengine wote, chomekeni kwanza mashine ya kusoma kompyuta mtazame joto la hewa inayoingia gari likiwa kwenye mwendo. Likiwa limezidi la nje kwa nyuzi chache tu, hakuna baridi ya kwenda kununua.