Mpeni mtoto alama yake

Juzi jioni mpwa wangu, binti wa miaka 11, aliniwekea karatasi yake ya ufahamu mezani, akaondoka bila kusema neno. Swali la nne lilikuwa hili: eleza maana ya neno "lilitamalaki" kama lilivyotumika katika habari uliyosoma. Sentensi yenyewe ilisema: "Giza lilitamalaki nyumba nzima, hata aliyenyoosha mkono hakuviona vidole vyake." Jibu lake: lilijaa kila mahali. Juu ya jibu hilo kulikuwa na alama ya kosa, kalamu nyekundu imekandamizwa hadi mchirizi ukatokeza upande wa pili wa karatasi, na pembeni msahihishaji ameandika neno moja tu: lilitawala.

Nilipoisogeza karatasi kwenye taa nikaona kitu kingine. Chini ya maneno "hakuviona vidole vyake" palikuwa na mstari wa penseli, mwembamba, umefutwa nusu. Nikamwita. "Huu mstari wa nini?" Akaniambia, "Hapo ndipo nilipojua, Mjomba." Neno tamalaki hakuwa amewahi kulisikia maishani mwake. Alilikuta pale kwenye mtihani, akasoma mbele, akasoma nyuma, akaona kwamba giza ambalo mtu hauoni hata mkono wake ni giza lililojaa kila mahali. Akaandika hivyo. Akanyimwa alama.

Imeniuma, na sitaificha.

Swali lilisema "kama lilivyotumika." Maneno hayo mawili ndiyo roho ya swali zima. Hayaulizi kamusi inasemaje wala mwalimu aliwaandikia nini ubaoni wiki iliyopita. Yanauliza: hapa, katika sentensi hii, neno hili linafanya kazi gani? Ni kweli kwamba tamalaki lina ukoo na miliki na milki, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kumiliki au kutawala. Lakini tazama waandishi wa leo wanavyolitumia. Hofu imetamalaki, ukimya umetamalaki, uchafu umetamalaki. Giza halina kiti cha enzi, halitoi amri, halikusanyi kodi. Giza likitawala nyumba, maana yake ni kwamba limeenea hadi hapakubaki upenyo. Kwa hiyo aliyeandika "lilijaa kila mahali" ameifikia sentensi kwa karibu zaidi kuliko aliyeandika "lilitawala", ambaye amebadilisha sitiari moja kwa sitiari nyingine akaacha kazi ya kueleza ikiwa haijafanywa. Sisemi "lilitawala" ni kosa. Ni jibu sahihi. Nasema yalikuwapo majibu mawili sahihi, na aliyeonewa ni yule aliyesoma.

Na hapo ndipo penye hatari. Alama moja si kitu, atazipata nyingine. Kinachonitia hofu ni somo alilojifunza kutokana na ule wino mwekundu: kwamba kusoma kwa makini hakulipi. Safari ijayo hatapiga mstari chini ya vidole visivyoonekana. Ataomba orodha. Orodha hizo tunazijua wote, neno upande wa kushoto, kisawe upande wa kulia, kurasa kwa kurasa, za kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Kukithiri, kuzidi. Kudorora, kuzorota. Ghulamu, kijana. Mtoto anazibeba kichwani kama mzigo wa kuni, na siku anapokutana na neno ambalo halimo kwenye mzigo, anasimama pale pale. Halafu tunalalamika kwamba watoto hawapendi kusoma.

Chukua neno kata. Aliyekariri anajua: kata ni kutenganisha kitu kwa kisu. Sasa mpe sentensi hii: "Alipofika kwenye mtungi alikuta kata haipo, ikambidi achote maji kwa viganja." Orodha yake imekwisha kazi. Lakini mtoto aliyefundishwa kusoma hana sababu ya kuogopa. Ataona kwanza "haipo", ajue kwamba hili si tendo, ni jina la kitu. Ataona mtungi, ajue kitu hicho mahali pake ni hapo. Kisha ataona viganja, na viganja ndivyo vinavyomaliza kila kitu, kwa sababu vimetumika badala ya kile kisichokuwapo. Kwa hiyo kata ni chombo cha kuchotea maji. Hajui kwamba kwa kawaida hutengenezwa kwa kifuu cha nazi, wala hakuhitaji kujua ili kuielewa habari. Siku moja atakijua. Kwa leo amepata maana inayotosha, na ameipata kwa akili yake mwenyewe.

Kiswahili kinatusaidia mno katika kazi hii, na nashangaa jinsi tunavyoutupa msaada huo. "Kaa lilimwangukia mguuni, akaruka." "Kaa alimpanda mguuni, akaruka." Sentensi mbili, mguu ule ule, mruko ule ule, lakini ya kwanza ni moto na ya pili ni mnyama wa pwani mwenye magando. Aliyekuambia ni nani? Ni li- na a- tu. Upatanisho wa kisarufi tunaufundisha siku ya Jumanne kama adhabu, ufahamu tunaufundisha Alhamisi, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba vitu hivi viwili ni ndugu. Viambishi tamati navyo vinasema: anayejua soma na someka hatababaishwa na neno jipya linaloishia na -ika au -eka, ataanza kwa kushuku kwamba kuna kitu kinachowezekana kutendwa au kilichofikia hali fulani. Bado sijataja "yaani", "badala ya", "ingawa", "kinyume na". Hizo ni taa zilizowashwa barabarani.

Sasa nikubali yale ninayopaswa kuyakubali. Muktadha haumfichulii msomaji kila neno. Mwaka 1983 mtafiti wa usomaji Isabel Beck na wenzake waliandika kwamba miktadha haiko sawa: upo unaomwelekeza msomaji kwenye maana, upo unaomdokezea kwa mbali, upo usiosema lolote, na upo unaompotosha kabisa. Ndivyo ilivyo. "Babu alichukua bakora akatoka." Bakora hapa inaweza kuwa mwavuli, mkoba, hata redio. Mbaya zaidi ni hii: "Wageni walicheka sana waliposikia visa vya ubahili wake." Mtoto asiyejua ubahili ataandika "ucheshi", na mimi siwezi kumlaumu, kwa sababu sentensi yenyewe imemshika mkono ikampeleka huko. Na misemo ina mlango wake: anayejua kwamba konde ni ngumi, akisoma "alipiga moyo konde", atadhani mtu amejipiga kifuani.

Hata mimi nilipotoshwa, kwa miaka. Neno aghalabu nilikutana nalo kwanza katika sentensi kama hii: "Aghalabu hakurudi mapema." Nikaamua kwamba aghalabu ni mara chache, kwamba mtu huyu alirudi mapema kwa nadra. Itazame tena uone jinsi kosa lilivyojificha. Ukisoma "mara nyingi hakurudi mapema" na "mara chache alirudi mapema", habari ni ile ile. Ukanusho ulikuwa umekaa ndani ya kitenzi, mimi nikaubebesha neno lisilohusika, na hakuna chochote kilichonishtua. Nilitembea na maana hiyo hadi nilipokuta "Watoto wachanga aghalabu hulia wakiwa na njaa." Mara chache? Haiwezekani. Nikarudi nyuma, nikaelewa.

Lakini angalia ni nini kilichonirekebisha. Si kalamu nyekundu. Ni sentensi ya pili. Neno halikai kwa mtu kwa kukutana nalo mara moja. Watafiti Swanborn na de Glopper walipokusanya majaribio 20 kuhusu jambo hili mwaka 1999, walikuta kwamba msomaji hujifunza wastani wa asilimia 15 ya maneno asiyoyajua anayopishana nayo katika kusoma kwa kawaida. Wengine wataiona asilimia hiyo ndogo. Mimi naiona ni utajiri, kwa sharti moja tu, kwamba msomaji asome sana, ili neno lile lile limrudie likiwa limevaa sentensi nyingine.

Na sharti lingine ni kwamba habari yenyewe isiwe msitu. Watafiti wengine, Hu na Nation, mwaka 2000, waliwapima watu waliokuwa wakisoma hadithi ya Kiingereza kama lugha ya pili, wakakuta kwamba wengi walihitaji kuyajua kama maneno 98 katika kila 100 ndipo waielewe vizuri bila msaada. Lugha ni nyingine na wasomaji ni wengine, lakini hesabu hiyo inafaa kuwafikirisha watunzi wetu. Katika habari ya maneno 250, hayo ni maneno matano mageni. Nimeona habari za ufahamu ambazo aya ya kwanza pekee imepakiwa maneno mazito manane, kana kwamba ugumu wa maneno ndio ubora wa Kiswahili. Pale mtoto hawezi kukisia chochote, kwa kuwa hata yale maneno ya jirani ambayo yangemsaidia nayo hayajui. Mtunzi akitaka kuuliza maana ya bakora, basi ampe mtoto babu anayeegemea bakora hiyo kila anapopanda ngazi. Huo ni wajibu wake. Usimwulize mtu kitu ambacho hukukiweka.

Kwa walimu, naongea kama mtu aliyewahi kukaa mbele ya rundo la karatasi usiku wa manane. Mwongozo wa kusahihishia unahitajika, nakubali, bila huo kila msahihishaji atakuwa na sheria yake. Ila mwongozo ni mfano wa jibu. Jibu lisipofanana nao, lichukue ulirudishe kwenye sentensi mahali pa lile neno, kisha usome. "Giza lilijaa kila mahali nyumba nzima, hata aliyenyoosha mkono hakuviona vidole vyake." Maana imebaki, limezidi neno moja au mawili tu. Mpe alama. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika. Na wale wanaomkosesha mtoto kwa sababu ameandika "kuenea" badala ya "lilienea", kama swali halikusema lolote kuhusu umbo la jibu, waache.

Ningependa pia tuwe tunauliza swali la pili: ni nini katika habari kilichokuonyesha maana hiyo? Na swali hilo liwe na alama yake. Mstari ule wa penseli ndio ulikuwa kazi halisi ya mtihani, na haukuwa na mahali pa kuhesabiwa. Mtoto aliufuta akidhani ni uchafu.

Kamusi tuliifungua pamoja baadaye, baada ya kukisia, kama ninavyoona inafaa. Akaisoma maana ya kutamalaki, akaniambia basi mwalimu alikuwa sahihi. Nikamwambia ndiyo, alikuwa sahihi. Masahihisho yake yalikuwa hayajaandikwa, akachukua daftari akaandika kwa mwandiko wa kutulia: Giza lilitawala nyumba nzima.

Nikamwuliza, "Sasa giza likitawala nyumba, linakuwaje?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha wazi mno. "Linajaa kila mahali, Mjomba."